Yasin Ukutani

Mwalimu Aidarus alipompita baba mkwe wake njiani pale Kuze bila salamu, mtaa mzima ulisema ana kiburi. Mkewe, Nabiha, alijua si kiburi. Kitabu alikisoma akikigusisha pua. Cha mbali hakukiona. Akambembeleza mpaka wakaenda kwa daktari wa macho, Aidarus akinung'unika njia nzima kwamba macho yake ni mazima.

Kwa kuwa Mwalimu hakujua herufi za Kizungu, karani wa daktari alikuwa amemwandikia sura ya Yasin kwenye karatasi, juu kwa herufi kubwa, chini ndogo, akaibandika ukutani. Nabiha akaingiwa na wasiwasi. Yasin mumewe aliihifadhi moyoni tangu utotoni.

"Soma mpaka utakaposhindwa," alisema daktari, akainamia maandishi yake.

Aidarus akasoma bila kusita. Upepo ukaibandua karatasi, ikaanguka kwenye sakafu nyeupe ya chokaa. Nabiha akangoja mumewe akimbilie kuiokota, maana hata kipande chenye aya moja hakukiacha chini. Aidarus aliendelea kuusomea ukuta.

"Macho mazima," alisema daktari bila kuinua kichwa.

Nabiha akainyooshea kidole karatasi pale sakafuni.

"Nilikwambia," alisema Aidarus, akamjia akitabasamu, akaikanyaga Yasin.