Ufunguo Uko kwa Fundi

Mwokaji mikate alikuwa amesimama mara tatu kuondoka, na mara tatu muuzaji magari alimkalisha tena kwa maneno matamu. "Dakika mbili tu, mama." Dakika mbili hizo zilishazaa saa nzima na ushee. Nyumbani alikuwa ameacha mabeseni mawili ya unga uliokandwa, na unga wenye hamira haumngojei mtu. Saa kumi wenye maduka wangekuja kuchukua mikate yao. Chini ya meza mguu wake wa kulia ulikuwa hautulii, ukipiga sakafu kama wa fundi cherehani.

Kando yake alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia. Hakuwa injinia, alikuwa msoma mita za maji. Lakini gari lolote likiharibika mtaani, yeye ndiye wa kwanza kuinama juu yake na kutikisa kichwa. Mume ndiye aliyesema, "Nenda na Injinia, wasije wakakuchezea."

Muuzaji alimsoma Injinia tangu mlangoni. "Kaka, wewe si mtu wa kuelezwa," alimwambia akimshika bega. "Wateja wanaojua magari kama wewe siku hizi hatuwaoni." Tangu hapo Injinia alihamia upande wa pili wa meza, ingawa kiti chake hakikusogea hata inchi.

Gari lenyewe lilikuwa zuri: dogo, la mizigo, jeupe, mlango wa kuteleza ubavuni. Mwokaji aliingia nyuma na utepe wake wa kupimia akaona trei thelathini zinaenea. Bei iliyobandikwa kwenye kioo ilikuwa milioni kumi na nane. Gari lake la zamani, lililozoea kuzimika kila penye mlima, wangelichukua na kumpunguzia. Muuzaji aliomba ufunguo wa hilo la zamani ili fundi akalijaribu barabarani, kisha akaleta karatasi. Chini kabisa, kwa wino mzito, iliandikwa milioni ishirini na moja na laki mbili.

"Hii dawa ya viti ni ya nini?" mwokaji aliuliza, kidole kwenye orodha ya vya ziada.

"Inazuia madoa, mama. Hata chai ikimwagika, unafuta tu."

"Mimi nabeba mikate."

"Hata chembe za mikate, mama."

"Shemeji, hiyo ya muhimu," Injinia alidakia. "Viti bila dawa havidumu."

Mwokaji akasogeza kidole chini. Dawa ya kuzuia kutu. Kifaa cha kufuatilia gari likiibwa. Namba za gari kuchongwa kwenye vioo. "Na haya maandalizi, laki mbili?"

"Ni kuliandaa gari."

"Kuliandaa vipi?"

Muuzaji alikohoa kidogo. "Kuliosha, mama. Na kulitoa plastiki."

"Plastiki nitaitoa mwenyewe. Ondoa vyote hivi, nibakie na gari."

"Ningependa, lakini vimeshatiwa. Ngoja nikakupiganie kwa meneja."

Akaondoka na karatasi. Mwokaji akatazama saa ya ukutani, akatazama simu, akarudi kwenye saa. Unga sasa ulikuwa umefika ukingoni mwa beseni, hilo alilijua bila kuuona. Akainuka kutafuta maji ya kunywa. Kwenye ujia, mlango wa meneja ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Ndani, muuzaji alikuwa ameegemea kabati akitafuna karanga, na meneja anamsimulia mechi ya jana.

"Na yule mama?" meneja aliuliza.

"Mwache akae, atachoka. Na yule bwana aliyekuja naye ameshaiva, atamsainisha mwenyewe."

Mwokaji alipita mlango wa nyuma hadi kwenye maegesho, na gari lake la zamani lilikuwa pale pale alipoliacha. Kikapu alichokiweka kwenye kiti cha dereva hakikuguswa.

Aliporudi, muuzaji alikuwa ameshakaa, uso wa mtu aliyetoka vitani. "Mama, nimepigana. Meneja kakubali kuondoa maandalizi."

"Naomba ufunguo wangu."

"Ufunguo uko kwa fundi, mama. Bado analiendesha."

"Analiendesha wapi? Gari liko pale nje, na kikapu changu kiko kwenye kiti cha dereva. Fundi wenu kakipakata?"

Mtu wa meza ya jirani aliangua kicheko. Muuzaji akavuta droo, akautoa ufunguo bila kumtazama.

"Shemeji, unatuaibisha," Injinia alinong'ona.

"Baki basi uwaombe radhi."

Injinia hakubaki, ila njia nzima alitazama dirishani. Unga ulikuwa umefurika na kusinyaa. Mwokaji alioka nusu, na wenye maduka wakanung'unika. Siku mbili zilizofuata hazikumpa raha. Gari la zamani lilizimika mara mbili na mikate nyuma, na kila lilipozimika alijiuliza kama ubishi wake ndio uliomponza. Simu ikiita, moyo unaruka. Alishaanza kuuliza bei maduka mengine.

Siku ya tatu muuzaji akapiga. "Mama, meneja kakuonea huruma. Milioni kumi na nane kamili, vya ziada vyote bure."

"Andika hivyo kwenye karatasi, nipigie picha nione."

Picha ilipofika, alikwenda peke yake. Safari hii alipelekwa kwa karani wa mikataba, mwanamke mwenye haraka aliyemwekea kalamu mkononi na kuonyesha penye alama. "Hapa, hapa na hapa."

Mwokaji akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma kama anayemsomea bibi yake barua, neno kwa neno, na watu wa meza nyingine wakageuka. Ukurasa wa nne alisimama. "'Mteja amekubali kununua dhamana ya miaka mitano.' Mteja gani huyo?"

"Ni kawaida tu, mama, kila mtu..."

"Mimi sijakubali. Nasoma tena?"

"La, la, usisome." Karani akauchomoa ukurasa ule haraka, akaandika mkataba upya. Katika meza ya pili, mzee mmoja aliyekuwa ameshainua kalamu akaiweka chini, akarudisha kurasa zake mwanzo.

Mwokaji akasaini. Walilichukua la zamani kwa milioni mbili na nusu, bei aliyoikubali kwa shingo upande. Akatoka getini na gari jeupe, kona ya kwanza akaichukua pana mno hadi mwenye pikipiki akamtukana. Akaegesha kando ya barabara, akashusha vioo, kisha akashika tena njia ya nyumbani.