Kaya Zilizopotea kwenye Jedwali la Tatu

Jumatatu asubuhi Ibidun Adeyeri alikuwa anafuta vumbi la harmatani, upepo wa jangwani, kwenye kompyuta ya ofisi, huku birika likianza kuimba, Dokta Fasanmi alipoingia na kuketi kitini pake. Walikuwa wamemzika Ijumaa. Alivaa agbada nyeupe waliyomzika nayo, na pindo lake lilikuwa limeshika udongo mwekundu.

"Habari za wikiendi, dada?" akasema. "Barua ya mhariri imekuja?"

"Imekuja. Nilitaka kukuambia siku ile hospitalini, lakini ulikuwa husikii tena."

"Wanasemaje?"

"Turekebishe. Hawajatukataa."

"Basi tuanze kabla umeme haujakatika."

Wote wawili walifundisha somo la fedha katika chuo cha serikali pale Odo-Aro, na kwa muda mrefu walikuwa wakiandika makala moja kwa ajili ya jarida la ng'ambo. Ilihusu kaya za wafanyakazi wa chuo zinavyoishi mishahara isipotoka: zinakopa kwa nani, zinauza nini mwanzo, zinaacha nini mwisho. Walikuwa wamegundua kwamba gari hutangulia, jokofu hufuata, kisha dawa. Fasanmi mwenyewe aliacha vidonge vya presha mwaka huohuo wa utafiti, na kaya yake ilikuwa miongoni mwa zilizochunguzwa, ikitajwa kwa namba kama nyingine zote.

Vidole vyake havikuweza tena kubonyeza herufi, kwa hiyo yeye alitamka na Ibidun akapiga chapa. Alikuwa wa baridi kama mtungi wa maji. Feni iliposimama, walimu wa vyumba vya jirani walibeba viti vyao wakaja kukaa kandokando yake, wakamsalimia, wakafungua magazeti. Ofisi ya mishahara ilikuwa imelifuta jina lake siku ileile aliyokata roho. Walimu walisema hiyo ndiyo kazi pekee ambayo ofisi ile iliwahi kuifanya kwa wakati.

Mkuu wa kitivo, Profesa Olagoke, alipita kumpa mkono.

"Pole na msiba, Dokta."

"Nimeshapoa, Prof."

"Wale watoto wa mwaka wa tatu hawana mwalimu tangu ututoke. Ukumbi mzima. Utawachukua?"

"Na malipo?"

"Malipo! Sisi tunaokula hatulipwi, sembuse wewe usiyekula?"

Chumba kizima kikacheka, na Fasanmi naye akacheka. Siku iliyofuata alikuwa ukumbini, chaki mkononi. Chaki haikuandika, kwa hiyo mwanafunzi wa mstari wa mbele akawa anamwandikia ubaoni.

Katika barua ya mhariri, mhakiki wa kwanza alitaka vitu vidogo. Wa pili alikuwa ameshika penye maumivu. Aliuliza kwa nini baadhi ya kaya hazionekani tena kwenye jedwali la tatu kuanzia katikati ya kipindi cha utafiti. Kama waandishi wanashikilia kwamba wahusika walikufa kwa kukosa mshahara, watoe ushahidi. La sivyo, sehemu hiyo iondolewe.

"Mwandikie kwamba mimi ndiye ushahidi," Fasanmi akasema.

"Nikutaje vipi? Mahojiano na mwandishi baada ya kifo chake?"

"Hivyohivyo. Ndivyo ilivyo."

Ibidun akaandika hivyo. Habari ilisambaa, na kabla ya wiki kuisha wengine waliopotea kwenye jedwali walikuwa wamejipanga kwenye benchi la nje ya ofisi, wakingoja kuhojiwa. Alikuwepo mtunza stoo wa maabara, aliyeacha insulini. Alikuwepo dereva wa basi la chuo, ambaye hakuacha dawa yoyote. Aliacha kwenda hospitali, basi. Mama wa maktaba alieleza polepole, kama anayefundisha mapishi.

"Kwanza nilikata kidonge nusu. Halafu robo. Robo ni shida, mwanangu. Inasagika. Dawa yote inabaki kwenye ncha ya kidole, ukilamba umemeza, usipolamba umekosa."

"Ulilamba?"

"Nililamba mpaka ngozi ikachubuka."

Ibidun aliyaandika yote, akayaweka mahali pake kati ya hesabu za riba na hitimisho. Ukurasa ule ulimtisha kidogo kwa jinsi ulivyokuwa mzuri. Alipomsomea Fasanmi, yeye alifumba macho akasikiliza hadi mwisho, akasahihisha koma moja.

Kilichobaki kilikuwa kuituma. Jarida lilidai ada kwa dola, na kadi ya Ibidun, ya naira, ilikataliwa kila alipojaribu. Mwenye akaunti ya dola alikuwa Profesa Olagoke peke yake. Aliitoa kadi mfukoni bila kinyongo, kisha akasema anataka kuisoma makala kwanza. Aliisoma akila karanga.

"Ukurasa huu utoke," akasema. "Chuo hakiui watu."

"Mhakiki ameuliza, Prof. Na hao watu wako pale nje, unaweza kuwauliza mwenyewe."

"Nimewaona. Watu wazuri, nimeshawapangia zamu. Ila hawataonekana pamoja na chuo changu kwenye jarida. Na jina la Dokta litoke pia. Mfumo wao unataka kila mwandishi akubali kwa barua pepe, na yake tumeifunga. Weka langu."

"Lakini ni yeye aliyeandika."

"Nani kakataa? Tutamshukuru pale chini." Alipuliza maganda ya karanga kwenye kiganja. "Mkataba wako unaisha lini, Ibidun?"

"Juni."

"Ehe."

Ibidun alirudi ofisini akasimama mlangoni. Fasanmi alikuwa anatazama nje dirishani, na hakugeuka wakati akielezwa.

"Jina si kitu," akasema mwishowe. "Liondoe. Lakini ule ukurasa uache."

"Kadi ni yake, Dokta. Nina watoto wawili na mama."

"Ibidun."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo, bila neno dada. Ibidun aliketi, akauweka ukurasa wote kwenye kivuli cha buluu pale kwenye skrini, akaufuta. Huko nje benchi lililia wakati watu waliponyanyuka, mmoja baada ya mwingine. Mtunza stoo alikwenda stoo, dereva kwenye basi, mama wa maktaba kwenye rafu zake. Mahali pa ule ukurasa Ibidun aliandika sentensi moja: *Kaya chache zilijitoa kwenye utafiti kwa hiari.* Mfumo ukamuuliza kama wote waliochangia kazi hii wametajwa. Akatia alama ya ndiyo.

Makala ilikubaliwa bila swali jingine. Mhakiki wa pili aliwapongeza kwa kuieleza vizuri ile kasoro ya jedwali la tatu. Profesa Olagoke alichinja mbuzi, kitivo kikala wali wa jolofu na kunywa malta, na Juni mkataba wa Ibidun ukaongezwa. Mishahara haikutoka. Waliokufa baada ya hapo walirudi kazini wenyewe, bila kuitwa, na katika kikao cha kitivo mkuu alisema upungufu wa walimu sasa umepata dawa.

Siku moja mke wa Fasanmi, Mama Tomi, alipanda ngazi hadi ofisini. Alikuwa amesikia kwamba kazi ya mumewe imechapishwa. Ibidun alimpisha kiti, lakini yeye alisimama mbele ya meza ya mumewe, mikono imeshika ncha za mtandio.

"Baba Tomi. Wameandika kilichokuua?"

Ibidun aliinamia kompyuta yake. Fasanmi aliiweka kando karatasi ya mtihani.

"Wameandika nilijitoa kwa hiari."

Mama Tomi alimnyooshea kofia iliyokuwa imelala upande.

"Utakuja nyumbani leo?"

"Siwezi. Matokeo yanatakiwa kesho."

"Haya," akasema. Akamuaga Ibidun kwa adabu, akashuka ngazi akishikilia ukuta.