Mwandiko Usio wa Mwombaji

Saa tatu asubuhi karani wa duka la bunduki alipangusa kioo cha kaunta, akajaribu kalamu kwenye kiganja, akatoa rundo la fomu za ukaguzi. Fomu ina maswali tisa. Mnunuzi hujaza kwa mkono wake mwenyewe, karani hupiga simu ofisi ya kumbukumbu za jinai, nao humwambia kama mtu huyo ana doa au hana. Kazi nyepesi, ila swali la tano lilikuwa na tabia yake. Linauliza: Umewahi kumpiga au kumtishia mtu unayeishi naye? Mtu akiandika hapana ya uongo, chini ya jibu lake hujitokeza mwandiko wa yule aliyepigwa. Wengi huandika mstari mmoja au miwili. Kuna mtoto aliwahi kuujaza ukurasa mzima wa nyuma, kwa penseli.

Hakuna aliyeshangaa. Mwenye duka, ambaye watu walimpachika jina la Bwana Kanuni, aliwahi kuwauliza wakubwa serikalini, akajibiwa kwa barua kwamba fomu ni ya mwombaji, na lisiloandikwa na mwombaji halihesabiwi. Akachongesha mhuri: MWANDIKO SI WA MWOMBAJI. Karani huugonga pale, biashara inaendelea. Miaka sita hiyo, na kila siku alijisemea mtumikie kafiri upate mradi wako, akaenda zake nyumbani.

Jumanne hiyo aliingia shemeji yake, mume wa mdogo wake. Shati limenyooshwa vizuri, tabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shemeji! Kumbe hapa ndipo unapojificha. Habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji. Umepotea njia leo?"

"Ah, wezi, shemeji yangu. Mtaa wetu umeharibika. Nataka bastola ndogo tu, mdogo wako apate usingizi."

Karani alimpa fomu kwa sababu mkono wake ulikwisha kuzoea kutoa fomu. Shemeji akajaza huku akipiga mluzi. Kwenye swali la tano akaandika Hapana, akapiga mstari chini yake, akairudisha.

Herufi zilianza kutoka kabla wino wake haujakauka. Zilikuwa zimelalia kushoto. Karani alizijua mara moja, maana yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuandika, mezani kwa mama yao, na alishindwa kabisa kumwachisha mkono wa kushoto. Zilisema: Mwezi wa kwanza, mkanda. Mwezi wa tatu, alinibana vidole kwa mlango wa kabati. Juzi aliniambia siku zangu zinahesabika. Dada anajua.

"Mama, unasoma au unasali?" Bwana Kanuni aliuliza kutoka mezani kwake. "Piga simu."

Akapiga. Alikosea namba mara mbili.

"Lilikuwepo jalada moja, miaka miwili iliyopita," ilisema sauti ya ofisi ya kumbukumbu. "Limefutwa kwa hiari ya mlalamikaji. Kuna na sahihi ya shahidi. Nikusomee jina?"

"Usinisomee."

"Basi huyo ni msafi. Uzeni."

Jina alilijua. Mdogo wake alikwenda polisi na jicho limevimba, ukoo ukakaa kikao, na karani ndiye aliyemshika mkono kumrudisha kituoni. Ya ndani hayatolewi nje, mdogo wangu, alimwambia, tena una mtoto. Kisha yeye mwenyewe akatia sahihi ya shahidi.

Akaenda mezani kwa Bwana Kanuni na fomu mkononi. "Bosi, huyu simuuzii. Aliyeandika hapa ni mdogo wangu."

Bwana Kanuni alivaa miwani, akasoma yote bila haraka. "Ana mwandiko mzuri," alisema. Akachukua mhuri, akagonga mwenyewe. "Pole sana, mama. Lakini nikimkatalia atanishtaki, na atashinda."

Akalifungua kabati la kioo, akamkabidhi shemeji bastola ndani ya kisanduku chake, wakapeana mikono.

Karani aliingia stoo, akafunga mlango, akampigia mdogo wake.

"Toka humo ndani. Sasa hivi. Njoo kwangu."

"Dada, nikija utanirudisha tena?"

"Sikurudishi. Naapa."

"Mara ile pia uliapa. Uliapa hatanigusa."

"Nilikosea, mdogo wangu. Niliogopa watu watasema nini. Sasa nakuogopea wewe. Kanunua bastola."

Mdogo wake hakuuliza nani. "Nipe nusu saa," alisema. "Mtoto yuko bafuni, ngoja nimkaushe, nimvalishe."

"Jamani, mvalishe nini! Mbebe na taulo lake hivyo hivyo!"

Aliporudi kaunta, shemeji alikuwa amerudi, amesimama pale pale, kisanduku kwapani, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Akili hizi, shemeji! Nimefika kwenye gari ndiyo nakumbuka. Sina risasi."

Kwa risasi hakuna fomu. Hakuna swali la tano wala la kwanza, wala simu ya kupigwa popote.

"Zimekwisha," alisema karani.

"Zipo, mama," Bwana Kanuni alidakia bila kuinua macho. "Rafu ya chini kabisa."

"Maboksi mangapi?" aliuliza karani.

"Moja tu, shemeji," alisema, akacheka. "Kwani naenda vitani?"

Karani akapiga magoti mbele ya rafu ya chini. Akashika boksi moja, akaliacha, akashika la pembeni, akaanza kusoma maandishi yake neno kwa neno, huku juu yake shemeji akigonga kioo kwa ufunguo wa gari.