Simu Hazitengenezwi Ukutani

Nyumbani walimwita Kisiki, kwa sababu akishakataa jambo hang'oki. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, fundi simu katika kibanda cha mjomba wake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mjomba mwenyewe. Kisha macho yakamgeuka. Akiinamia bodi ya simu kwa muda, vijia vya shaba vilitandwa na ukungu, kimoja kikawa viwili, kichwa kikamgonga. Akiinua uso, sura ya mteja ilichelewa kutulia. Siku aliyounguza bodi ya watu, mjomba alimpokonya chuma cha kulehemu.

"Kaa mbele upokee wateja, mwanangu. Kazi hii si ya kila mtu."

"Sikai, Mjomba. Nakwenda hospitali."

Huko daktari wa macho, mama wa makamo, alimketisha mbali na ubao wa herufi. Kisiki akazisoma zote, hadi zile ndogo za chini kabisa.

"Macho yako mazima," daktari alisema, mkono tayari uko kwenye kitasa. "Uchovu tu. Punguza kukesha."

Kisiki hakunyanyuka kitini.

"Daktari, mimi sitengenezi simu zilizobandikwa ukutani. Nazitengenezea hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua. "Hapa umenipima?"

Daktari alimtazama, kisha akakiachia kitasa. Akamsogezea kalamu puani polepole. Jicho la kushoto likatoroka nje. Akampa maandishi madogo, akawa anamgeuzia lenzi za aina mbili. Kila lenzi ilipogeuka, herufi zilikataa kutulia.

"Nisamehe, binti. Kuona unaona. Ila misuli ya kulenga vitu vya karibu inachoka upesi, na macho hayaendi pamoja. Vijana wengi wana hali hii, nasi tunawarudisha nyumbani."

Alimwandikia miwani ya kazi za karibu na mazoezi ya kila siku: kuifuata ncha ya kalamu hadi puani bila kuiacha igawanyike, kisha kurusha macho mbali na kuyarudisha.

Mjomba alipoiona miwani alicheka hadi akakohoa. "Bibi yako kafufuka?"

"Cheka, Mjomba. Ukimaliza unipishe mezani."

Mazoezi aliyafanya palepale kibandani, mbele za watu. Vijana wa duka jirani wakamwigiza kwa makengeza. Naye akawaonyesha makengeza yake, ya kitabibu, akawashinda. Mwanzoni kichwa kilimuuma zaidi, akalia kwa hasira, akaendelea. Miezi ikapita, vijia vya shaba vikaanza kutulia mahali pake.

Ikaja simu iliyomshinda mjomba mwenyewe, akamsukumia binti pamoja na chuma cha kulehemu. Kisiki aliinamia bodi asubuhi nzima, mpaka kioo kikawaka.

Mjomba akamnong'oneza, "Safi. Lakini ukimpelekea mteja, ivue hiyo miwani. Atasema fundi wetu haoni."

Kisiki aliisukuma juu ya pua ikakaa sawasawa, akaichukua simu.

"Na aseme," alijibu, akaenda mbele.