Siku za Mapumziko

Kule hospitali walimwita Nesi Baiskeli, kwa sababu kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumwona akifika zamu kwa usafiri mwingine. Safari ya kuvuka jangwa kwa baiskeli aliipanga na mumewe, mwalimu wa udereva. Zikiwa zimebaki siku sita waondoke, mume akaanza kushika goti.

"Nenda tu, mke wangu," alimwambia sebuleni, ramani ikiwa imetandazwa juu ya meza ya kulia. "Mimi nitakuchelewesha. Halafu usijikimbize. Ratiba nimeshakuandikia, kila baada ya siku tano unapumzika moja."

Nesi akamshukuru. Baadaye hilo ndilo lililomkera kuliko mengine yote, kwamba alimshukuru.

Baada ya siku ya tatu jangwani hakuna cha kupiga picha. Kuna kazi tu. Aliamka kabla ya jua, akakung'uta viatu kwa kuogopa nge, akatafuna biskuti kavu, akaendesha mpaka saa nne, upepo ulipoanza kumpiga usoni. Kuanzia hapo hadi saa tisa alijibanza ndani ya kalvati chini ya barabara, katikati ya mavi ya mbuzi na vipande vya matairi ya malori, akinywa maji kwa kifuniko cha chupa. Aliyatia chumvi na sukari kama anavyowafanyia wagonjwa wa kuhara. Yalikuwa ya moto, yananuka plastiki. Mchanga uliingia kwenye mnyororo, ukaingia kwenye meno. Makalio yalichubuka mpaka akawa anajipaka ile dawa ya wagonjwa waliolala kitandani miezi. Kuna siku miiba ilimtoboa tyubu mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini akalia, kisha akajikaripia, maana machozi nayo ni maji.

Siku ya kumi na mbili alifika kwenye kambi ya mafundi wa barabara: makontena matatu, tangi la maji na mnara wa simu. Mpishi wa kambi, mwanamke mwenye maneno mengi, alimjazia chupa zake.

"Uko peke yako? Mzee yuko wapi?"

"Goti linamsumbua."

"Goti!" Mpishi alicheka mpaka maji yakamwagika. "Goti la mwanamume lina akili, mwenzangu. Linajua siku ya kuuma."

Nesi naye akacheka. Simu ikashika mtandao, ikaita papo hapo. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umekaa?"

"Kukaa siwezi, nimechubuka. Sema."

"Shemeji amehamishia mtu nyumbani kwako. Yule binti anayemfundisha gari. Jana nimemwona shemeji kwa macho yangu, anapandisha kabati ngazini, amelibeba mgongoni peke yake."

"Na goti?" Swali la kijinga, lakini ndilo lililomtoka.

"Goti gani, dada?"

Alipokata simu alitoa ratiba mfukoni. Mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Safari nzima siku ishirini, za mapumziko tatu. Alizitazama, akaelewa kwamba hazikuwekwa kwa ajili ya miguu yake.

"Lori la kokoto linarudi kesho," mpishi alimwambia. "Panda, ukawafumanie."

Hakupanda. Si kwa ushujaa. Hakujua angesema nini mlangoni, na jangwa angalau halikumdai maneno. Akaamua kwenda mbele bila kupumzika hata siku moja.

Lakini hasira haibebi mtu hivyo. Siku ya kumi na tano, mchana, aliona barabara mbili badala ya moja, akaanguka na mizigo yake. Dereva wa lori alimkuta amelala kando ya lami, akammwagia maji kichwani, akamtukana mpaka akazinduka. "Una watoto wewe? Una mume? Wamekuachaje?" Lori lilipoondoka, Nesi alijikokota mpaka kwenye kalvati. Alilala humo siku nzima, midomo imepasuka, akihesabu mapigo yake mwenyewe kwa saa ya mkononi.

Siku ya kumi na nane aliingia mji wa ng'ambo. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Alikodi chumba, akaoga mpaka maji yakaacha kutoka mekundu kwa vumbi, akampigia mumewe.

"Nimefika."

"Mbona mapema?"

Nesi akakata simu. Hakuwa na haja ya kusikia zaidi.

Alirudi kwa basi, baiskeli ikiwa kwenye buti. Njia aliyoililia siku kumi na nane ilipita dirishani kwa siku moja na nusu, abiria wengine wamelala.

Nyumbani alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Binti alifungua, kanga kifuani, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo. Mwalimu ametoka. Nguo zako nimezikunja zote, nimezipiga na pasi."

"Marahaba," Nesi akajibu.

Neno lilimtoka tu, kwa mazoea. Akapokea masanduku mawili ya nguo zake, akayafunga nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwa miguu mpaka kwa mdogo wake. Njia nzima hakumlaani mume wala yule binti. Alikuwa anailaani ile marahaba.