Meshi za Valérie

Mvua ilipoanza kupiga bati la saluni, Akimana alikuwa amefumua nusu ya kichwa cha Valérie. Misuko ya zamani, rangi ya divai, ilikuwa ikidondoka ndani ya beseni. Saluni ilikuwa kibanda cha mbele katika ua mmoja wa Isipingo, ugenini, karibu na bahari. Nyuma yake, chini kidogo, kando ya mtaro, kilikuwa chumba alimolala binti wa Akimana, Larissa, mwenye umri wa miaka mitatu.

"Mama Larissa, zote umeweka?" Valérie alichungulia beseni.

"Zote."

"Hata moja isibaki. Mtu akiokota nywele zako, amekuokota wewe mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya Akimana. Wasusi wengine kwenye stendi ya teksi walifagia nywele hadi barabarani. Yeye alizitupa mtaroni, penye maji yanayotembea, kama mama yake alivyomfundisha kwao Burundi. Maji hayasimulii, mama alisema. Akimana hakutenga nywele za mtu na meshi, zile nywele za plastiki za dukani. Zilikuwa zimesukwa pamoja, zikalala kichwa kimoja.

"Na zile meshi zangu za rangi ya dhahabu, za safari iliyopita?"

"Zimeshafika baharini, dada. Labda samaki ndiye anakuroga."

Valérie alikuwa bado anacheka maji yalipopenya chini ya mlango na kulowesha viatu vyake.

Akimana alitupa kitana, akatoka mbio. Ua ulikuwa umegeuka bwawa. Mtaro ulikuwa umefurika, na maji yalikuwa yamefika nusu ya mlango wa chumba cha nyuma. Mlango ule wa bati ulifungukia nje. Alivuta. Maji yaliukandamiza mahali pake kama bega la mtu. Ndani, Larissa alilia.

"Panda mezani! Larissa, panda mezani, mama!"

Kupitia nondo za dirisha alimwona mtoto amesimama kitandani, godoro likianza kuelea. Alipenyeza mkono. Vidole vyao havikufikiana.

"Bomba limeziba!" alipiga kelele jirani, Pierre-Claver, Mkongomani aliyesafisha meli bandarini. Alikuwa amezama hadi kifuani pale mtaro unapoingia chini ya barabara. "Njoo tuvute! Iko kitu hapa, kama kamba!"

Akimana hakutaka kuliacha dirisha. Aliliacha. Alizamisha mikono, akashika kitu laini na kirefu, na vidole vyake vikakitambua kabla ya macho. Vilikuwa vimekisuka.

Walivuta pamoja. Kwanza ilitoka mifuko ya plastiki, kisha fundo zito kama kondoo aliyelowa: meshi nyeusi, meshi za kahawia, na katikati, bado ziking'aa kana kwamba zimenunuliwa jana, meshi za dhahabu. Bomba lilikoroma. Maji yakaanza kushuka, polepole mno, Akimana akining'inia kwenye mlango hadi ulipoachia. Alimtoa Larissa akitetemeka, midomo imepauka, akambana kifuani.

"Hizo zangu!" Valérie alisimama kibarazani, nusu ya kichwa ikiwa timtimu. "Uliniambia ziko baharini!"

"Nilidhani."

"Eish! Zitupe sasa hivi, maji yangali na nguvu. Watu wanaona!"

Pierre-Claver aliliinua fundo. "Nitupe, Mama Larissa? Zitafika tu. Bandarini iko mabaharia wa visiwa vya mbali, vya Pasifiki. Wanasema kwao bahari inawaletea vitana na ndala za watu wasiowajua. Wanafagia ufuko, kesho umejaa tena. Na kisiwa chenyewe chembamba, hawana pa kukimbilia."

Akimana aliutazama mtaro, kisha chumba chake, kisha ile dhahabu ambayo haikuwa imeoza hata unywele mmoja. Mama yake alimfundisha kutupa nywele. Hizi hazikuwa nywele.

"Lete hapa," alisema.

"Utaziweka wapi?" Valérie aliuliza. "Ukizichoma, zitanuka mtaa mzima."

"Sijui."

Alizisindilia kwenye gunia, akalifunga, akaliburuta hadi ndani ya chumba chake na kulisimamisha mezani, mahali palipobaki pakavu. Kisha aliketi kando yake, Larissa akiwa mapajani. Mlango aliuacha wazi, ameuzuia kwa tofali. Juu ya bati, mvua iliyokuwa imekatika ilianza tena.