Mshindo wa Mkaratusi

Lori lilikuwa limeshatoka getini, magogo ya mkaratusi yamefungwa minyororo, na mkata miti amekaa juu yake kama mtu aliyepanda ngamia asiyemjua. Dada yake alikuwa mbele kwa dereva, faili la mikataba mapajani. Alikuwa anasikiliza. Mpaka wanafika njia kuu hakusikia kitu.

Mti ule ulianguka asubuhi hiyo bila mshindo. Ulilala uani kama shuka linavyotandikwa. Kuku hawakushtuka. Mteja, ambaye mtaani walimwita Mwenye Ghorofa, alitazama saa yake akasema, "Kazi safi," akaingia ndani kumalizia chai.

Dada mtu ndiye aliyeandika mikataba. Jina lake la mjini lilikuwa Kifungu, kwa kuwa hata ukimsalimia ulihisi anataka uweke sahihi. Hakuzaliwa hivyo. Zamani mteja mmoja aliwafukuza na panga kwa sababu mti uliondoka na kivuli chake, naye hakuambiwa kuwa kivuli kitaondoka. Tangu siku ile Kifungu hakuacha kitu. Alimzungusha kila mteja uani, akamsomea kwa sauti, na mteja sharti arudie kwa kinywa chake: kisiki kitabaki usawa wa goti, unga wa msumeno utabaki, jua litaingia dirishani wala halitatoka, mshindo utatokea mara moja na majirani wataarifiwa. Mwisho kulikuwa na mstari alioutunga ili kuwatuliza wateja waoga: lolote lisilotajwa humu litakuwa juu ya mkandarasi.

Siku ya mkataba, Mwenye Ghorofa alirudia vizuri hadi kwenye mshindo. Hapo akatoa kalamu, akafuta.

"Huu siutaki. Na majirani hawana haja ya kuarifiwa."

"Mzee, mshindo si kitu cha kuchagua."

"Mteja ni mimi au ni wewe?"

Mkaratusi ulikuwa ng'ambo ya mpaka, hatua mbili ndani ya kiwanja cha jirani. Jirani huyo, mkunga mstaafu aliyeupanda kwa mkono wake mwaka aliohamia, alikuwa safarini kumuuguza binti yake. Kifungu aliyaona hayo kwa macho yake. Alifungua mdomo, na mdogo wake, mkata miti, akamkanyaga mguu. Msumeno ulikuwa haujawashwa miezi miwili.

"Dada, maneno yako yatatuua njaa," alinong'ona, akatia sahihi.

Siku ya pili mshindo ulifika nyumbani kwao. Vikombe vilitetemeka kabatini bila kugongana. Paka akahama. Chumba kilinuka majani ya mkaratusi, kama mtu anayejifukiza mafua. Mkata miti aliacha kutafuna, akainua uso.

"Upo juu ya bati."

"Wa nani?" Kifungu aliuliza, na alijua.

"Wetu. Si uliandika mwenyewe?"

Alitoa nakala, akasoma. Mshindo haukutajwa. Na lisilotajwa lilikuwa juu ya mkandarasi, aliyekuwa mdogo wake, na sahihi yake ilikuwa pale, imeinama upande kama kawaida yake.

Mshindo ulishuka kidogo kidogo, kiganja kwa siku, siku nyingine viganja viwili. Mkata miti akitoka, ulitoka naye. Alikuwa mrefu kama mlingoti. Akaanza kutembea ameinama, na watu wakampa pole ya mgongo. "Leo umefika usawa wa kofia," alisema mlangoni. "Nimeacha kuvaa kofia." Dada yake hakucheka. Alipima kwa chaki ukutani, kila asubuhi mstari, kama wazazi wanavyompima mtoto anayekua, ila mistari hii ilirudi chini.

Kifungu akaenda kwa Mwenye Ghorofa. Mafundi walikuwa wanajenga ukuta, na msingi ulipita juu ya kisiki.

"Mzee, rudisha kile kifungu. Sahihi moja tu, hapa."

"Kifungu cha nini?"

"Cha mti tuliokukatia."

"Mama, hapa ungeanguka mti, mtaa mzima si ungesikia?" Akawageukia mafundi. "Nyie, mlisikia mti hapa?"

Mafundi walifikiri kwa uaminifu. Hawakusikia.

Mkunga aliporudi aliona anga mahali palipokuwa na mti wake. Hakupiga kelele. Alikwenda ofisi ya ardhi, wakamwambia alete aliyeusikia ukianguka. Akapita nyumba kwa nyumba hadi akafika kwa Kifungu.

"Mwanangu, nyie ndio wenye msumeno. Hamkuukata mti wangu?"

Nyuma ya pazia mkata miti alikuwa amelala sakafuni, maana kitanda kilikuwa kimeshakuwa juu mno. Kifungu alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Labda wengine."

Mkunga alivuta pumzi kwa pua. "Nani anajifukiza humu?"

"Mdogo wangu. Mafua."

"Pole yake. Mwambie asilale chini, baridi itamuingia."

Alipokwisha kwenda, sauti ilitoka nyuma ya pazia, ndogo, ya mtu asiyetaka kugusa kitu kwa pumzi yake. "Dada, kamwambie. Ukitaja mti ulipoanguka, mshindo utarudi huko wenyewe."

"Watatufunga."

"Mimi nimeshafungwa."

Chaki ya asubuhi iliyofuata ilikuwa usawa wa goti. Kifungu alivaa viatu, akaenda ofisi ya ardhi, akakaa kwenye benchi karibu na mkunga. Mkunga alimsogezea nafasi.

Karani alifungua daftari. "Yupo aliyesikia mti wa huyu mama ukianguka?"

Maneno yalikuwa kooni, yamepangwa kwa namba. Kifungu aliangalia ndala za mkunga, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alijiambia karani atauliza tena, na akiuliza tena atajibu. 

Kwanza ulisikika mkwaruzo mrefu, kama mlango wa ghala. Kisha matawi yakapiga mbinja. Kisha ardhi ikapigwa. Mihuri ilianguka mezani, vumbi likashuka darini.

"Nini hicho?" karani aliuliza.

"Mti," alisema mkunga. "Mkaratusi wangu. Naujua."

Karani alikwenda dirishani, akaangalia sauti ilikotoka, akatazama saa, akaandika. "Saa nne na dakika kumi. Umeangukia kwa mkata miti. Kumbe mti ulikuwa huko, mama."

Hapo Kifungu akasimama akasema yote, namba kwa namba, mpaka na ule mstari wa mwisho. Karani alimsikiliza kwa adabu.

"Ungesema kabla sijaandika," alisema, akafunga daftari.

Mkata miti walimkuta amelala chali sakafuni, hana jeraha, majani mabichi kichwani. Alizikwa kesho yake. Mkunga ndiye aliyemwosha dada mtu uso. Alipewa cheti kinachosema mti wake ulianguka mtaa mwingine; amepanda mche kwenye kopo, kwa kuwa hajui tena kiwanja chake kinaishia wapi. Mafundi walilipwa wakaondoka. Mwenye Ghorofa alileta rambirambi, akasema mtaa ule una kelele sana. Kifungu sasa anawaandikia wakata miti wengine, na mshindo ndio kifungu cha kwanza. Wateja wanarudia kwa kinywa chao, baadhi wanacheka. Ukuta umeshapakwa rangi.